Sanduku, Rafu na Ngamia: Maktaba za Shule na Ufaulu wa Wanafunzi Garissa

Kuwepo kwa maktaba shuleni ni jambo moja, na matumizi yake ni jambo jingine. Shule inaweza kuwa na chumba, rafu na vitabu elfu moja, na bado mwanafunzi akamaliza miaka minne bila kuazima hata kimoja. Nyingine haina chumba. Ina sanduku la bati katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, lakini vitabu vilivyomo hutolewa kila wiki, husomwa, hurudishwa na kubadilishwa. Yakihesabiwa majengo, shule ya kwanza imeshinda. Zikihesabiwa kurasa zilizosomwa, imeshindwa vibaya. Mjadala kuhusu maktaba na alama za mitihani huharibika mara nyingi kwa sababu wanaojadili huhesabu majengo.

Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili, kwa kuwa huko kila kizuizi kati ya mtoto na kitabu huonekana wazi. Eneo hilo lina zaidi ya kilomita za mraba 127,000, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya Kenya nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Wengi wa wakazi ni Wasomali, na wengi kati yao huishi kwa mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kandokando ya Mto Tana wapo pia wakulima wa jamii kama Wamunyoyaya, na upande wa Ijara wapo Waboni.

Shule zilichelewa kufika huku, na si kwa bahati mbaya. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963, wakati wa vita vya shifta, vya wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, haikuondolewa hadi 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye rutuba na mvua, ambayo yangeleta faida haraka. Nchi kame ikabaki nyuma. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyeingia darasa la kwanza Garissa katika miaka ya 1990 mara nyingi alikuwa wa kwanza katika nyumba yao kumiliki daftari. Nyumbani hakukuwa na gazeti la jana wala kaka aliyewahi kupitia masomo yale. Kwa mtoto kama huyo maktaba ya shule si nyongeza ya vitabu vya nyumbani, kwa sababu hivyo vya nyumbani havipo.

Maktaba haimfundishi mtu hesabu wala kemia moja kwa moja. Kazi yake kubwa ni kuongeza wingi wa maandishi yanayopita mbele ya macho ya mtoto. Kitabu cha kiada hueleza jambo mara moja, kwa maneno machache, kisha huuliza maswali. Kitabu cha hadithi humrudishia msomaji maneno yaleyale katika hali mbalimbali, leo katika ugomvi wa ndugu, kesho katika safari, keshokutwa katika kesi mbele ya chifu, mpaka yanamkaa bila kukaririshwa. Msamiati ukishakua, kasi ya kusoma hupanda. Kasi hiyo ina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani: anayesoma neno moja moja kwa kusitasita hufika mwisho wa sentensi ndefu akiwa amesahau ilivyoanza, na katika chumba cha mtihani saa haimsubiri.

Lugha ya mtihani huzidisha jambo hilo. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za sekondari, karibu masomo yote huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine chache. Hata Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo ambalo vijana wengi wa Garissa hulijua tangu utotoni katika duksi, yaani chuo cha Kurani, hujibiwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuijua hukumu ya mirathi barabara kwa Kisomali na kwa maandiko ya Kiarabu, halafu akapoteza alama kwa kukosa sentensi ya kuielezea. Swali la fizikia kuhusu gari linalopunguza mwendo nalo huanza kuwa swali la ufahamu kabla ya kuwa swali la fizikia.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali, na majibu yao hayafanani. Marekani, utafiti wa Keith Curry Lance na wenzake katika jimbo la Colorado, uliotolewa 1993, ulionyesha kuwa shule zenye maktaba bora na wakutubi wa kutosha zilipata alama bora za kusoma, hata baada ya hali ya kiuchumi ya wazazi kuzingatiwa. Katika utafiti uliotolewa 2004, Ross Todd na Carol Kuhlthau waliwauliza wanafunzi zaidi ya 13,000 wa Ohio, na karibu wote wakasema maktaba iliwasaidia kwa namna fulani. Matokeo haya hupendwa sana na wakutubi, na inaeleweka kwa nini. Lakini shule iliyo na maktaba nzuri mara nyingi ina walimu wazuri pia, na mwanafunzi anayesema amesaidiwa bado hajapimwa.

Ushahidi ulio karibu na hali ya Garissa unatoka kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka mamia ya vitabu vya hadithi katika shule za mradi wao vijijini Fiji, ambako watoto husoma kwa Kiingereza ilhali wanazungumza lugha nyingine nyumbani. Wanafunzi wa darasa la nne na la tano waliovisoma waliwaacha mbali wenzao katika kusoma na kusikiliza Kiingereza. Hapakuwa na majengo mapya wala kompyuta. Palikuwa na hadithi za kuvutia, muda uliotengwa, na walimu waliosoma pamoja na watoto.

Majaribio mengine mawili hutajwa mara chache zaidi, pengine kwa sababu hayafurahishi. La kwanza lilifanyika Kenya yenyewe, katika wilaya za Busia na Teso, kuanzia 1996. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule 100, ambapo 25 zilizochaguliwa bila upendeleo zilipewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wakiongoza darasa. Wengine hawakuweza kukisoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza kilichowazidi kimo. La pili ni la jimbo la Karnataka, India, ambako shule zilizopewa huduma ya maktaba zililinganishwa na zisizopewa: baada ya miezi 16, alama za lugha hazikuwa zimebadilika. Ufilipino, kinyume chake, kampeni ya kusoma ya siku 31 katika mkoa wa Tarlac mwaka 2009, yenye vitabu vya umri wa watoto, walimu waliopewa mafunzo na lengo la kila siku, iliinua uwezo wa kusoma wa watoto wa darasa la nne katika muda huo mfupi.

Tofauti kati ya matokeo haya haitokani na wingi wa vitabu. Fiji na Tarlac zilikuwa na kitabu kinacholingana na msomaji, saa ya kukisoma, na mtu mzima wa kusukuma kazi. Busia ilikosa la kwanza: kitabu kilikuwapo, msomaji hakukifikia. Karnataka ni onyo kwa anayedhani kwamba kufungua huduma ya maktaba kunatosha.

Kiwango cha kitabu ndicho tatizo la kwanza Garissa. Mtoto wa Balambala au Modogashe huanza shule akizungumza Kisomali. Kiswahili hukutana nacho sokoni, redioni na kwa askari; Kiingereza hukutana nacho darasani tu. Kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa kwa mtoto wa darasa la nne wa Nairobi, aliyekulia katika lugha hiyo ya katuni na matangazo, kinaweza kumshinda mtoto wa darasa la sita wa Hulugho. Akipewa kile cha darasa la pili anaona aibu, kwa kuwa picha zake ni za watoto wadogo. Vitabu vinavyohitajika ni vile vyenye lugha nyepesi na mambo ya watu wakubwa kidogo: visa vya safari, visa vya upelelezi, maisha ya wafugaji, habari za wanyama, maisha ya Mtume na maswahaba yaliyosimuliwa kwa lugha rahisi. Vitabu vya aina hiyo ni haba, na maktaba nyingi hujazwa na kinyume chake: ensaiklopidia kuukuu za msaada na riwaya nene zilizoondolewa katika shule za ng'ambo.

Isidhaniwe kwamba watoto hawa hufika shuleni bila mazoea ya kusoma. Wengi wamepitia duksi kwanza, wakaandika aya kwa wino wa mkaa juu ya ubao wa mbao, wakazisoma kwa sauti, wakazihifadhi, wakaufuta ubao na kuandika nyingine. Wanajua kukaa kitako na maandishi kwa saa nyingi, wanajua kumheshimu anayejua kusoma, na macho yao yamezoea kufuata mstari, ingawa ule wa Kiarabu huenda kutoka kulia. Kinachokosekana ni kusoma kimyakimya kwa ajili ya kupata maana ya jambo jipya, maandishi ambayo mwalimu hakuyasoma kwanza. Huo ndio ustadi ambao maktaba huujenga, na mwalimu anayeijua duksi huwa na pa kuanzia.

Jaribio maarufu zaidi la kuwafikishia watoto wa eneo hili vitabu lilianza tarehe 14 Oktoba 1996. Shirika la Huduma za Maktaba la Kitaifa, KNLS, lililoundwa kwa sheria ya bunge ya 1965, lilikuwa na tawi mjini Garissa, lakini wasomaji wake walikuwa wale wa mjini. Wakati huo kiwango cha watu wasiojua kusoma na kuandika mkoani kilikuwa kikitajwa kuwa zaidi ya asilimia 80. Magari ya maktaba yaliyotumika sehemu nyingine za Kenya yasingeweza kwenda kokote kwenye njia za mchanga, ambazo mvua ikinyesha hugeuka tope zito. Ngamia alikuwa tayari yupo, anaijua nchi, hahitaji mafuta wala vipuri. Msafara wa kwanza ulikuwa wa ngamia watatu. Baadaye wakaongezwa, na huduma ikafika Wajir pia.

Utaratibu wake ulikuwa wa kazi, si wa maonyesho, ingawa wapiga picha wa nchi za nje waliugeuza kuwa maonyesho. Katika kila msafara ngamia mmoja alibeba masanduku mawili ya mbao yenye vitabu kama 200 kila moja, wa pili alibeba hema, na wa tatu alibeba mikeka, meza na vifaa vingine. Mkutubi, msaidizi wake na mchunga ngamia waliondoka asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Walipofika shuleni au kijijini walipiga hema au waliketi chini ya mgunga, wakatandika mikeka, wakapanga vitabu, na watoto wakachagua. Vitabu viliazimwa kwa wiki mbili. Msafara uliporudi ulivikusanya na kuacha vingine.

Wiki hizo mbili ndizo siri ya mpango huo, kuliko ngamia mwenyewe. Mtoto alijua siku ambayo kitabu chake kitadaiwa, hivyo alikuwa na sababu ya kukimaliza. Alijua pia kwamba kutakuja vingine. Shule nyingi zenye vyumba vya maktaba hazina mzunguko kama huo: vitabu ni vilevile tangu vilipopokelewa, na mwanafunzi aliyeshasoma vitano vinavyomvutia hana sababu ya kurudi. Udhaifu wa msafara nao ulikuwa wazi. Ulifika maeneo yasiyo mbali na mji, kiasi cha siku moja ya mwendo wa ngamia, na jamii zilizohama zaidi hazikufikiwa. Kitabu kilichoazimwa kabla ya ukame kingeweza kuondoka na familia kwenda upande wa mpaka wa Somalia. Masha Hamilton, mwandishi wa Marekani aliyeitembelea huduma hiyo, alilifanya suala la vitabu visivyorudishwa kuwa kiini cha riwaya yake ya 2007 kuhusu maktaba ya ngamia. Ni suala la kweli. Mkutubi anayeogopa kupoteza vitabu huishia kuvificha, na mkutubi asiyejali huishia na masanduku matupu.

Katika shule za sekondari hofu hiyo ya upotevu ndiyo imetawala. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze 2003, na ya sekondari za kutwa 2008, fedha za vitabu zimekuja kutoka serikalini, na kuanzia 2018 vitabu vya kiada vimesambazwa moja kwa moja hadi shuleni kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na chake. Kila nakala ina muhuri, na mwalimu mkuu huulizwa ikipotea. Matokeo yake chumba kinachoitwa maktaba katika shule nyingi kimekuwa stoo ya vitabu vya kiada: hufunguliwa mwanzoni mwa muhula vitabu vigawiwe, hufunguliwa tena mwishoni virudishwe, na katikati kufuli linaning'inia. Ukaguzi hupita salama. Usomaji haupo.

Pale ambapo chumba hufunguliwa, mara nyingi hutumika kama mahali pa kudurusu. Wanafunzi wa kidato cha nne hukaa wakati wa prepu na madaftari yao na karatasi za mitihani iliyopita, na hawagusi rafu. Hilo si baya. Mahali penye utulivu na taa ni neema kubwa kwa mwanafunzi wa kutwa anayeishi nyumba ya chumba kimoja katika bula, yaani mtaa, la pembezoni mwa mji. Lakini faida hiyo ni ya meza na taa, na utafiti usiotenganisha kukaa maktabani na kusoma vitabu vya maktaba hupata majibu yaliyochanganyika. Hata vitabu teule vya fasihi, ambavyo karatasi ya tatu ya Kiswahili na ile ya Kiingereza hutahini, wengi huvipitia kwa miongozo iliyofupishwa. Aliyesoma mwongozo peke yake hutambulika upesi: anajua maudhui yote na hakumbuki tukio hata moja.

Kuanzia 2016 njia za mkato zilipungua. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata gredi A katika KCSE nchini kote. Mwaka 2016, udhibiti wa wizi wa mitihani ulipokazwa, waliopata A walikuwa 141. Shule zilizotegemea karatasi zilizovuja zilibaki na walichokisoma wanafunzi wao, na katika nyingi hicho kilikuwa kidogo.

Kutumika kwa maktaba hutegemea mtu, na hapa Kaskazini Mashariki imeumia kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Mkutubi wa shule kwa kawaida huajiriwa na bodi ya shule kwa fedha zake yenyewe, na shule isiyo na fedha humkabidhi mwalimu wa lugha ufunguo juu ya vipindi vyake. Walimu wenyewe wakapungua. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shule ya Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule zilibaki na walimu wachache, wengine wakiwa vijana waliotoka kumaliza kidato cha nne. Katika hali kama hiyo maktaba huwa kitu cha kwanza kufungwa, ilhali ndiyo ambayo ingeweza kuziba angalau sehemu ya pengo. Darasa lisilo na mwalimu wa historia kwa muhula mzima linaweza kusoma historia. Halitasoma vizuri kama lingefundishwa, lakini litasoma, iwapo mlango uko wazi na wanafunzi wamezoea kujisomea tangu vidato vya chini. Mazoea hayo hayaanzi siku mwalimu anapoondoka.

Kambi za wakimbizi za Dadaab, huko Garissa, hutoa mfano wa kujisomea kwa lazima. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa kuanzia 1991 kwa ajili ya wakimbizi 90,000. Kufikia 2011 watu walikuwa wamepita 400,000. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, madarasa hujaa kupita kiasi, na walimu wengi ni wakimbizi wenyewe wasio na mafunzo kamili. Vijana wengi wa kambini wamefika vyuo vikuu wakitokea katika madarasa hayo, wengine kupitia BHER, mpango wa elimu ya juu kwa wakimbizi ulioanza 2013 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Kenya na Kanada. Wakfu wa Vodafone na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, nao waliweka vyumba vya masomo vyenye kompyuta kibao na intaneti katika shule za kambi. Mahali ambapo mwalimu mmoja ana wanafunzi mia moja, kitabu au skrini ya kusomea huchukua nafasi kubwa kuliko inavyokuwa katika shule ya kawaida.

Vifaa vya kidijitali vimetajwa kuwa suluhisho tangu serikali ilipoahidi tarakilishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na kompyuta kibao zilipoanza kufika shuleni 2016. Faida yake kwa nchi kame ni dhahiri: kifaa kimoja hubeba vitabu ambavyo ngamia kumi hawawezi kuvibeba, na tovuti ya African Storybook hutoa bure hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zikiwa zimepangwa kwa viwango vya usomaji. Vikwazo ni umeme, vumbi na joto. Kituo cha umeme wa jua kilichozinduliwa karibu na mji wa Garissa Desemba 2019, chenye uwezo wa takribani megawati 50, hupeleka umeme wake katika gridi ya taifa, na shule iliyo mbali na nyaya za gridi huendelea kutegemea paneli zake ndogo, kama zipo. Kifaa kilichoharibika Hulugho hakipati fundi siku hiyo wala wiki hiyo. Kitabu cha karatasi nacho kina adui zake. Mchwa hula rafu za mbao pamoja na vilivyomo, gundi ya uti wa kitabu hukauka kwa joto na kurasa hubanduka, na vumbi la kiangazi huingia kila mahali. Rafu za chuma zilizoachwa wazi kidogo kutoka ukutani, na masanduku ya bati yanayofungwa, hudumu kuliko kabati zuri la mbao.

Saa za kufungua zina uzito kuliko zinavyopewa. Mchana wa Garissa, joto linapopita nyuzi 35, chumba cha bati hakikaliki. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hugeuka. Wasichana wa kutwa hupata shida zaidi, kwa kuwa saa ya jioni inayofaa kusoma ndiyo saa ya kuchota maji, kupika na kuwaangalia wadogo zao. Kwao njia ya uhakika ni kipindi cha maktaba kilichomo ndani ya ratiba ya masomo, pamoja na ruhusa ya kwenda na kitabu nyumbani. Shule za bweni kama NEP Girls mjini Garissa zina nafuu hapo, kwani saa za mwanafunzi ziko mikononi mwa shule.

Mtaala mpya umeongeza haja. Mtihani wa KCPE, uliokuwa wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10. Mtaala huo humtaka mwanafunzi afanye miradi, atafute habari mwenyewe na kuziwasilisha, na sehemu ya alama zake hutokana na kazi hizo. Sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, zimewekwa ndani ya shule za msingi, ambazo nyingi katika eneo hili hazikuwahi kuwa na maktaba. Mzazi wa Nairobi humpeleka mtoto mgahawa wa intaneti akachapishe mradi. Wa Bura Mashariki au Liboi hana pa kumpeleka, na mwalimu humaliza kazi hiyo kwa kuwaandikia wanafunzi ubaoni kile walichotakiwa kukitafuta.

Shule inayotaka kujua kama maktaba yake inasaidia haihitaji mtafiti kutoka mbali. Inahitaji rejista ya kuazima iliyoandikwa kila siku: jina, gredi au kidato, jina la kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Rejista hiyo, ikiwekwa kwa miaka mitatu kando ya alama za ufahamu na insha za kila muhula, huonyesha mambo ambayo ukaguzi wa majengo hauwezi kuyaonyesha: vitabu gani havijawahi kutoka, darasa gani liliacha kuazima baada ya mwalimu fulani kuhamishwa, wasichana wangapi wanaazima ikilinganishwa na wavulana, na kama wanaoazima sana wanapanda alama au walikuwa juu tangu mwanzo. Ili kulijibu hilo la mwisho kwa haki, mwanafunzi hulinganishwa na alama zake mwenyewe za mwaka uliopita, si na za jirani yake. Vitabu visivyotoka kwa miaka mitatu hubadilishwa na shule nyingine au hupelekwa kwenye maktaba ya umma mjini, na nafasi yake hujazwa na vile ambavyo kurasa zake zimechakaa kwa kusomwa.